Ninavyoendesha ibada ya jioni na wanangu hapa Unguja

Watoto wa mtaani kwetu wakitoka skuli hubadilisha nguo wakaenda chuoni kusoma Kurani. Huko wanahifadhi, wanasahihishwa, wanarudia. Mtoto wa Kikristo ana shule ya Jumapili tu, saa moja kwa wiki, na saa moja haimlei mtu katika imani. Kazi iliyobaki ni ya baba. Kumbukumbu la Torati 6:7 haimtaji padri wala mwalimu. Inamwagiza mzazi afundishe "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani".

Kwetu ibada ni baina ya Magharibi na Isha. Watoto wote wako ndani na hawajala. Ukingoja baada ya chakula, wadogo wanasinzia. Dakika 15, zisizidi. Ibada nyingi za nyumbani huuawa na urefu: baba anaanza kwa moto, anahubiri dakika 40, na wiki ya pili kila mtoto ana tumbo linalouma. Televisheni inazimwa, simu zinawekwa kabatini, yangu ikiwa ya kwanza. Taa ya kuchaji iwe karibu, maana umeme ukikatika ndiyo kisingizio cha kuahirisha.

Tunaimba ubeti mmoja na kiitikio, kisha tunasoma aya 10 hadi 12. Baba anayeanza namshauri Injili ya Marko: ina sura 16, matukio yake yanakwenda mbio, na kwa mwendo huo utaimaliza kwa miezi miwili hivi. Wanaojua kusoma wanapokezana aya; asiyejua anasimuliwa kwanza kwa maneno mepesi. Halafu swali moja: Yesu amefanya nini hapa? Nanyamaza mpaka mmoja ajibu, hata kimya kikirefuka. Baba akijijibu mwenyewe, kesho hakuna atakayejisumbua kufikiri.

Kuhifadhi ndiko kunakotaka subira. Mstari wa wiki nauandika kwa kalamu nene, naubandika nyuma ya mlango. Jumatatu na Jumanne wanausoma kwa sauti mara tatu. Jumatano nafunika nusu kwa kipande cha boksi, Ijumaa karatasi inabanduliwa, Jumamosi kila mtoto anausema peke yake. Mistari ya zamani iko kwenye daftari, na kila jioni tunarudia mmoja. Bila hivyo, wa mwezi uliopita umeshapotea. Kwa mtoto wa miaka mitano, mistari miwili kwa mwezi inatosha.

Kwenye maombi ndipo akina baba wengi tunapoharibu. "Bwana, msaidie huyu aache uongo" si ombi, ni kumchapa mtoto mbele ya Mungu, naye hatafumbua kinywa tena kuomba. Kosa la mchana limalizwe mchana, faraghani. Waefeso 6:4 inaanza na onyo kwa baba, asiwachokoze watoto, kabla ya kutaja adabu. Na baba aliyemfokea mwanawe bure amwombe radhi kabla ya wimbo, kwa maneno ya wazi.

Maswali ya mtaani yanakuja: mbona wenzetu wanasema Isa ni nabii tu? Nawafundisha kusema "sisi tunaamini ni Mwana wa Mungu", basi, bila ubishi na bila kudharau. Mwezi wa Ramadhani maji na chakula ni ndani ya nyumba. Sahani ya Iddi inapokewa kwa mikono miwili, na ya Krismasi inapelekwa.

Mara moja moja darasa lihamie Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Mji Mkongwe. Jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa 1873, mwaka lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa hapo hapo. Muoneshe mtoto altare, ambayo kwa mapokeo imesimama penye mti wa kuchapia watumwa, na msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ulikozikwa moyo wa Livingstone, mmisionari aliyepinga biashara ya watumwa. Muoneshe na kaburi la Askofu Steere, aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha hapa hapa Unguja. Mtoto anayeambiwa dini yake ni ya wageni wa bara anahitaji kulishika jiwe lile kwa mkono.

Baba wa zamu za hoteli, Nungwi au Kiwengwa, apige simu saa ile ile, iwekwe spika, mama asome, yeye aombe. Dakika tano zinatosha. Mtoto akishatimiza miaka 13, apewe jioni moja kila wiki aongoze yeye, achague wimbo na aya, na baba akae mkekani pamoja na wadogo, ajibu swali akiulizwa.