Vinundu vya mwembe wa Bibi

Mwembe wa Bibi pale Mikindani ulijaa vinundu kwenye majani, vingine vya kijani bado, vingine vimeshatoboka. Ulikuwa msimu wa kupuliza mikorosho. Mjomba alikuwa na bomba na salfa tayari, akasema ataanza na mwembe ndipo aende shamba.

Bwana shamba alikuwa akipita kwenda kwa jirani. Alimwamkia Bibi, akasikia habari ya salfa, akaniomba wembe. Nilikuwa kidato cha pili, na sikuwahi kumwona mtu mzima akilishika jani kwa makini vile.

Alipasua kinundu taratibu. Ndani mlikuwa na kachumba, na humo amelala funza mmoja wa rangi ya njano, mdogo hata Bibi akalazimika kulisogeza jani juani ili amwone. Akatueleza kwamba mama wa funza huyo ni nzi mwembamba wa milimita moja au mbili, anayetaga jani likingali changa na laini. Funza akishaingia, jani lenyewe ndilo linalovimba kumzunguka. Maneno hayo yalinishika mpaka leo. Kinundu hakijengwi na mdudu! Ni mwili wa mwembe, uliochokozwa na funza ukaota mahali ambapo usingeota, ukampa adui yake ukuta na chakula. Akikomaa anatoka na kuruka, na maisha yake ya nje ni ya siku chache tu.

"Sasa salfa itamfikiaje humo ndani?" bwana shamba alimuuliza Mjomba. Salfa ni ya ubwiriunga, ukungu unaokaa juu ya majani na maua ya mkorosho. Na sumu kali ya wadudu ingewamaliza nyigu wadogo mno ambao watoto wao huwala funza hao humo humo kwenye vinundu.

Mjomba hakuridhika. "Kwa hiyo tukae tunatazama?"

"Fagieni majani yaliyoanguka, myachome. Mwembe mkubwa namna hii hauuawi na vinundu, na maembe yake mtakula."

Bibi akasema basi, imetosha, salfa iende kwenye mikorosho.

Mimi nilimfuata bwana shamba hadi barabarani, nikamuuliza kama miti mingine nayo ina wadudu hawa. Akasema jamii yao ina maelfu ya aina, na nyingi, kila moja imeshikamana na aina chache tu za mimea; hata misonobari ina wake. Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Thecodiplosis japonensis, nzi wa jamii hiyo hiyo anayeishi kwenye misonobari ya Japani na Korea. Korea alionekana mwaka 1929, na misonobari mingi ikakauka. Sindano, yaani majani membamba ya msonobari, huvimba pale chini zinapoungana, zikadumaa. Baridi ikikaribia funza hudondoka na kujificha udongoni.

Kila nikienda uwanda wa juu wa Rondo, kule Lindi, huzishika sindano za misonobari iliyopandwa kule na kuzitazama shinani. Uvimbe huo sijaukuta.