Bidoni saba

Mama alizimwaga zote saba. Bidoni za manjano, kila moja lita 20, ambazo kijana wa chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, alikuwa amezipandisha kutoka ziwani asubuhi ileile. Tulikuwa tunakaa mtaa wa Mapendo, Goma, mashariki mwa Kongo, Mei 2021, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka jioni ya Jumamosi tarehe 22. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, lakini ilikuwa imeharibu mabomba, na watu wengi mjini walikuwa wanaishi kwa maji ya ziwa Kivu. Yetu yalizama kwenye changarawe nyeusi ya uani, mara moja, kimya.

Kisa kilikuwa audio ya WhatsApp. Dakika mbili hivi, sauti ya mwanamume mzima, Kiswahili cha Goma kabisa, anaongea polepole kama mjomba aliyeleta habari ya msiba. Alisema gesi ya ziwa imeanza kupanda, maji yana sumu, asiyesikia atalala asiamke. Akataja Kameruni. Hapo ndipo alipotushika, maana la Kameruni ni kweli: mwaka 1986 ziwa Nyos lilitoa hewa ya kaboni usiku, ikaua watu wapatao 1,700. Na Kivu nalo limebeba gesi hiyo vilindini, pamoja na methani. Jina lake hakulitaja. Lakini audio ilitufikia kupitia kikundi cha kwaya, imetumwa na mtu tunayesali naye, basi kwetu ikawa ni yeye aliyesema.

Jioni jirani yetu, mwalimu wa kemia, alichota maji ya ziwa lilelile, akayachemsha, akanywa chai kibarazani huku sisi tukimtazama. Papa aliona aibu kuliko Mama.

"Kuanzia leo," akasema, "habari za simu zisiingie humu."

Ndipo ikaja alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27. Simu zikaanza tena kulia nyumba kwa nyumba.

"Papa ya batoto, gavana amesema tutoke."

"Umemsikia wewe mwenyewe?"

"Niko na audio."

"Audio!" Papa akacheka, akavuta kiti karibu na redio. Hatoki mpaka Redio Okapi iseme.

Safari hii ilikuwa kweli. Mitaa 10 ilitakiwa kuhama, Mapendo ikiwemo, kwa sababu mwamba ulioyeyuka ulikuwa chini ya mji, na mlipuko ungeweza kutokea ardhini au chini ya ziwa bila dalili yoyote. Ardhi yenyewe ilikuwa ikitikisika. Vikombe viligongana kabatini. Papa anazungusha kitufe, anatafuta wimbi, anatupa jicho kwa Mama ambaye tayari amefunga mtoto mgongoni.

Sikumbuki redio ilisema nini. Nakumbuka Papa alichungulia dirishani, akamwona mwalimu wa kemia anafunga godoro kwenye pikipiki, suruali ameivaa juu ya pajama. Akazima redio katikati ya sentensi.

"Viatu viko wapi?"

Tulifika mji wa Sake jioni, kwa miguu, tukalala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine nne. Maji ya kunywa hayakuwepo. Usiku simu ya Mama ikatetemeka: audio mpya, sauti ileile ya polepole. Papa alikuwa macho, nilimwona. Mama aliibana sikioni, akasikiliza mpaka mwisho, akairudisha mwanzo. Papa akasogea karibu na simu.