Kipande cha mbao kwenye mnada wa Morris

Asubuhi ya mnada, Oktoba 2019, Bibi alipanda gari upande wa abiria akiwa na kifurushi kilichofungwa kwa gazeti, akakipakata. Sikumwuliza ni nini, maana nilikuwa nashughulika na choki, kile kivuta cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi. Morris ya mwaka 1966 haiwaki kwenye baridi mpaka uvute choki yote, kisha uirudishe kidogo kidogo huku ukisikiliza injini. Ikawaka. Tukatoka Coventry, Uingereza, polepole, mimi na yeye, kuipeleka kuuzwa.

Hakuwa bibi yangu wa damu. Yeye na mumewe walikuwa majirani zetu wa ukuta kwa ukuta, na wanangu waliwaita Bibi na Babu. Mzee alifariki majira ya kuchipua ya mwaka huo. Bibi hakuwahi kujifunza kuendesha, na paa la nyumba lilikuwa linavuja.

Gari lenyewe lilikuwa Morris Minor Traveller, stesheni wagoni ya familia iliyotengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971. Kwa mbele ni Minor ile ile aliyoibuni Alec Issigonis, iliyoonyeshwa London mara ya kwanza mwaka 1948. Kwa nyuma ni mbao. Siku niliyoiona mara ya kwanza, imeegeshwa mbele ya nyumba yao, nilichuchumaa barabarani kama mtu aliyeangusha pesa. Wengi hudhani mbao zile ni pambo. Sivyo kabisa! Nyuma ya milango ya mbele bodi ya juu ya chuma inaishia, na fremu ya mti wa ash ndiyo inayobeba mabati ya alumini, madirisha na ile milango miwili ya nyuma inayofunguka kama kabati. Ukiziondoa mbao, nusu ya gari haipo. Mimi ni seremala, mtoto wa fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu. Nilichokiona pale ni mataruma, mbavu za jahazi. Na fremu zile zilikuwa zikiundwa Coventry, mji huu huu ambao mimi nilikuja kufunga makabati ya jikoni.

Adui wa mbao hizo ni maji yanayotuama. Kwenye mifereji ya vioo vya pembeni, vile vya kusukuma, kuvumwani huota kijani kibichi kabisa, maji yakashuka ndani ya fremu hadi boriti ya chini, yakakaa. Juni 2014 mkaguzi alichomeka bisibisi kwenye boriti ya nyuma kushoto, juu ya springi, ikazama hadi mpini. Gari likaanguka ukaguzi. Mzee alikuja mlangoni kwetu na ile karatasi mkononi, akanipa niisome, hakusema neno. (Tangu Mei 2018, magari mengi ya Uingereza yaliyopita miaka 40 hayalazimiki tena kwenda ukaguzi wa kila mwaka. Kwa gari la chuma sijui, lakini kwa gari la mbao naona ni hasara. Bisibisi ile ndiyo iliyoliokoa.)

Nilifanya kazi wikiendi mbili kwenye gereji yao. Nilikata palipooza mpaka nikafika kwenye mti mzima, mkavu, unaolia ukiugonga. Kisha nikaunga kipande kipya cha ash kwa mshazari, urefu wa kiungo mara nane ya unene wa mbao, kama baba alivyoniamuru nilipokuwa bado nasimama juu ya kibao kuifikia meza yake. Mzee alikaa kwenye kigoda akinipa patasi moja baada ya nyingine. Alikuwa mwalimu wa hesabu, basi kiungo alikipima mwenyewe mara mbili na kukiandika kwenye daftari lake, lile alimoandika kila lita ya mafuta na kila siku aliyoshindilia grisi.

Mnada ulifanyika kwenye banda kubwa, baridi, magari yamepangwa safu na namba kwenye vioo. Nilichukua kijitabu cha orodha nikatafuta namba yetu. Kulikuwa na picha nzuri, na chini yake maneno kwamba mbao zote ni zile zile za kiwandani. Nilisoma mara mbili, nikampa Bibi.

"Ndiyo," akasema. "Nilisoma jana usiku. Ndiyo maana nimekileta hiki."

Akafungua gazeti. Kilikuwa kile kipande nilichokikata mwaka 2014, cheusi, kimelika kama sega la nyuki. Nilidhani kilishatupwa zamani. Mzee alikuwa amekihifadhi rafuni.

Kijana aliyekuwa mezani alitusikiliza kwa adabu. Akasema maneno kama hayo hupandisha bei, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amelikagua gari asione kiraka chochote. Nitasema ukweli: nilinyamaza. Kazi yangu ilikuwa imesifiwa mbele ya watu, na paa la Bibi nalijua, ndoo chini ya dari nilizibeba mimi. Bibi hakungoja. Akakiweka kipande juu ya meza, vumbi la mbao likamwagika kwenye karatasi za kijana. Hapo nikapata sauti. Nikawakumbusha ule ukanda bapa katikati ya boneti ya kila Minor, ambao Mzee alipenda kuwaonyesha wanangu. Issigonis aliona gari lake limekuwa jembamba, akaamuru likatwe katikati na kuongezwa inchi 4. Gari hili lilianza kwa kukatwa na kuungwa, nikasema, hakuna aibu ya kuficha.

Dalali mwenyewe aliitwa. Namba yetu ilipofika alisema kwa sauti kwamba orodha ina kosa, boriti ya chini ya nyuma kushoto ilibadilishwa 2014, na aliyeibadilisha yumo ukumbini. Vichwa vikageuka. Dau likaanzia pauni 4,000, likapanda kwa mia mbili mbili, likakwama 5,600. Walikuwa wamemkadiria Bibi 6,000 hadi 8,000. Alinishika mkono wa koti, nikahisi vidole vyake vikihesabu. Kisha mkono mmoja nyuma, na mwingine kwenye simu, na ule wa nyuma tena. Nyundo ikagonga kwenye 6,200.

Mnunuzi alikuwa mama wa makamo mwenye grisi kwenye kucha. Alitukuta kwenye gari akauliza neno moja tu: "Wapi?" Nikamwonyesha boriti, si mahali penyewe. Alipitisha ukucha wa kidole gumba taratibu, kutoka gurudumu kwenda nyuma, mpaka ukanasa kwenye mstari mwembamba kama unywele. "Hapa," akasema. Nikafurahi kuliko nilivyofurahia nyundo. Tulizungumza kuhusu gundi, kuhusu vanishi, kuhusu kusugua ile mifereji ya vioo kwa mswaki kabla ya masika. Aliomba kile kipande akiweke pamoja na karatasi za gari. Bibi akatikisa kichwa, akampa daftari la Mzee.

Gari likaondoka. Alipoachia mafuta kwenye kona ekzosi ikatoa ule mkoromo wa Minor, nasi tukausikia kutoka ng'ambo ya ua bila kuliona.

Tulirudi kwa basi. Bibi alikaa dirishani, akafungua tena gazeti. Upande ambao haukuoza kulikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa ubaoni ulionyooka: *Juni 2014. Kimetolewa na fundi wa Lamu.* Alipitisha kidole juu ya herufi, mara moja, mara ya pili, halafu akakiondoa haraka, akaangalia kama penseli imefutika, akakifunga kipande kwenye gazeti lile lile.