Siku ya Chaki Iliyotoa Maji

Saa moja kasorobo asubuhi nashuka matatu hapa Nakuru mjini, ukungu bado umetanda juu ya volkano ya Menengai. Langoni ananingoja mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu. "Mwalimu, jana kwa simu ya mama niliona video. Eti chini kabisa ya dunia kuna bahari. Ni kweli?" Namwambia anipe muda hadi kipindi cha maabara.

Saa nne. Naponda chaki kavu, ile ya jasi, naitia kwenye neli na kuipasha moto mdogo. Wote wamekodoa macho. Punde kioo kinaingia ukungu karibu na mdomo wa neli, kisha matone yanaungana na kuteleza. Chaki haikuwa imelowa. Maji yalikuwa sehemu ya jiwe lenyewe, kama gramu 21 katika kila gramu 100 za jasi.

Hapo ndipo namjibu. Maji ya bahari hupenya nyufa za bamba, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, kwenye sakafu ya bahari, hukutana na madini ya olivini na kuyageuza serpentini, jiwe ambalo asilimia 13 hivi ya uzito wake ni maji. Bamba likizama chini ya jingine, kama kule Japani, joto hukamua sehemu kubwa ya maji hayo, nayo huyeyusha miamba inayolisha volkano. Lakini bamba kuukuu lililopoa hushuka na maji mengine, yakihamia madini yanayostahimili mgandamizo. Kilomita 410 hadi 660 chini yamo madini ya wadsleyiti na ringwuditi, na haya huweza kufunga haidrojeni ya maji ndani ya fuwele zao. Mwaka 2014 mwanasayansi Graham Pearson na wenzake walieleza chembe ndogo mno ya ringwuditi ndani ya almasi ya Juína, Brazili. Ilikuwa na maji karibu asilimia 1.5 ya uzito wake. Bahari ya kuogelea haipo huko, ni mwamba mgumu. Naona ukweli huu unapendeza kuliko ile video.

"Na mvuke wa Menengai?" Huo kwa sehemu kubwa ni maji ya mvua yaliyozama na kupata moto. Hapa Bonde la Ufa ardhi inatanuka, hakuna bamba linalozama.

Saa saba, githeri, kisha vipindi viwili vya kidato cha kwanza.

Saa kumi jioni yule kijana anarudi na kisahani. Asubuhi alikuwa ameomba ule unga uliopashwa moto, akaukanda kwa maji kidogo. Sasa anaugonga kwa ukucha, umekuwa mgumu.

"Yamerudi ndani, mwalimu."