Isale siku ya Matawi

Jumamosi jioni binti yangu katoka nje na mkasi, anataka kukata jani kwenye ile ndoo ya rangi ya pale mlangoni. Mwalimu wa sandei skuli kawaambia kila mtoto kesho aje na tawi lake, ni Jumapili ya Matawi, na makuti ya mnazi aliyoahidiwa na rafiki yake hakuyapata. Mi nikamkemea kwa sauti mpaka nikajishtukia mwenyewe. Hilo hapana! Akasimama na mkasi wake. "Kwani hilo lina nini mama?"

Nikamwambia hilo ni isale, limetoka kwa babu kule Moshi, halikatwi ovyo. Akauliza linakatwa lini sasa. Nikamtuma dukani chumvi.

Usiku sikulala vizuri. Nilirudi mwaka 1998, ule wa mvua za El Niño, Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili na barabara ya kupanda kwetu ilikua imekatika sehemu mbili, hata gari ya mchungaji ilibaki kule chini kwenye lami akapanda kwa miguu na gambuti. Nilikua na miaka kumi na moja. Dada yangu alikua na ishirini, na alikua ametengwa.

Waliokulia Kilutheri kule mlimani wanajua hilo neno lina uzito gani. Alipata mimba hajafunga ndoa, basi, jina likaenda kwa wazee wa kanisa, akatolewa kwenye kwaya, Chakula cha Bwana akawa hashiriki. Jumapili alikua anakaa nyuma kabisa karibu na mlango, wenzake wakiinuka kwenda kupiga magoti madhabahuni yeye anabaki kwenye benchi na mtoto mapajani, anamfunga na kumfungua kofia. Habari ya mwanaume sijawahi kusikia ikiulizwa na mtu.

Kwaresima ile ndo akaamua kurudi kundini. Wiki zote zile alikua anaenda kwa mwinjilisti kufundishwa, na jumuiya ya asubuhi hakukosa hata moja, saa kumi na mbili giza bado, tunatembea nyumba hadi nyumba na tochi na miavuli, tunaimba nyimbo za mateso kwenye sebule za watu, chai ya rangi, sala, kila mtu anakimbilia shambani kwake. Nilipenda sana zile asubuhi. Kwenye jumuiya hakuna aliyemkalisha dada nyuma, sebule yenyewe ndogo, mnabanana tu na goti la mwenzio liko kwenye mbavu zako. Ila ni watu walewale, wanawake walewale waliomkumbatia Jumatano saa kumi na mbili, ndo Jumapili walikua wanampita pale mlangoni wanaangalia mbele.

Siku yenyewe ikapangwa iwe Matawi, ili Alhamisi Kuu aweze kushiriki.

Kanisa lilijaa. Mvua inapiga bati mpaka mchungaji anarudia maneno mara mbili. Kitambaa cha zambarau kwenye madhabahu, matawi yamelowa yanachuruzika kwenye sakafu, harufu ya masweta mabichi na tope, watoto tumekaa mbele tumeshika matawi yetu. Dada akaitwa. Akampa mama mtoto, akapita katikati na gauni la bluu la kuazima, limembana mabegani. Akasimama peke yake anaangalia kitambaa cha zambarau, sisi wote tunaangalia mgongo wake. Mchungaji akauliza yale maswali. Akajibu kila swali, "Ndiyo, Mungu akinisaidia", lakini kwa sauti ndogo, na mvua ile, mzee mmoja wa benchi la mbele akasema "kwa sauti binti!" ikabidi arudie. Ile kurudia ndo inaniuma mpaka leo. Nilikua karibu, niliona vidole vyake vinashika pindo la gauni vinalikunja, vinalikunjua.

Akapiga magoti. Mchungaji akamwekea mkono kichwani, akaomba.

Sasa ilikua zamu yetu kuimba, mwalimu wa kwaya ameshainua mkono, nikasikia nyuma yangu kitu kama fimbo inagonga sakafu. Ni bibi mmoja wa kule mferejini. Mzee sana, mjane, hakua mtu wa kusema kanisani, alikua anakaa benchi la pili kutoka nyuma miaka yote. Anakuja katikati polepole, ndala zake zina tope zinatoa sauti kila akiinua mguu, tak, tak. Mkono wa kulia fimbo, wa kushoto tawi. Tulidhani ni tawi kama tawi, si ni Jumapili yake. Alipofika karibu nikaona. Lilikua isale, jani moja refu, kijani kibichi, limefungwa fundo katikati.

Kwa msiojua, isale ndo mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya ukoo, kwetu Uchaggani. Na ukimkosea mtu, ukataka msamaha wa kweli, unampelekea isale. Anayelileta ndiye mkosaji. Anayeletewa hatakiwi kukataa, hata kama kosa ni kubwa kiasi gani.

Nadhani kanisa zima lilielewa kabla yangu, kwasababu kukawa kimya, mvua tu. Mzee wa kanisa akainuka kama anataka kumzuia, mchungaji akamwonyesha kiganja, akakaa. Bibi akaiweka fimbo yake chini, kwa shida, akiinama kidogo kidogo, halafu akamshikia dada lile jani kwa mikono miwili. Dada bado yuko magotini. Akaangalia jani, akamwangalia mchungaji, akaangalia jani tena. Mikono ya bibi inatetemeka mpaka ncha ya jani inacheza. Sijui ilichukua muda gani, kwangu ilikua mchana mzima. Dada akalipokea. Mikono miwili. Bibi akainama akamwambia kitu sikioni kwa Kichaga, kifupi, maneno matatu manne, akaokota fimbo yake akarudi kwenye benchi lake. Na sisi tukaimba, vibaya, sauti zimepotea.

Baada ya ibada palikua na mnada wa sadaka kama kawaida, mayai, maparachichi, mikungu ya ndizi, upenuni kwasababu ya mvua. Mkungu wa yule bibi baba akaupandia bei mpaka watu wakanyamaza. Hakusema kitu. Nikamuuliza njiani, baba, yule bibi alimkosea nini dada? Akasema isale hairudishwi, tembea.

Alhamisi Kuu dada akashiriki. Ijumaa Kuu kitambaa cheusi, Pasaka kikaja cheupe, mtoto akabatizwa baadaye, maisha yakaendelea. Yule bibi alifariki mi niko bweni, sikumzika.

Watu walisema mengi. Wengine kwamba yeye ndiye aliyepeleka habari ya dada kwa wazee. Wengine kwamba alikua na binti yake zamani alitengwa hivyohivyo, akaondoka, hakurudi. Yote yanawezekana. Ukubwani nilisoma kuhusu wale wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, waliofika Machame 1893, na mwenzao wa baadaye Bruno Gutmann aliyekaa miaka mingi Kidia, Old Moshi, akiamini kwamba usharika lazima ujengwe juu ya ukoo na ujirani ambao watu walikua nao tayari. Nikamfikiria yule bibi na ndala zake. Sidhani alikua anafikiria hayo. Alikua na kitu chake kinamlemea, na njia ya kukitua aliyofundishwa na mama yake ilikua hiyo moja, na akaona mahali pa kukitulia ni pale.

Dada sasa ni mzee wa kanisa, awamu ya pili hii. Nimemuuliza mara nyingi bibi alimwambia nini sikioni, anasema "aliniomba", anaishia hapo. Jana usiku nilimpigia nimsimulie habari ya mkasi. Alikua na haraka, anatoka kikaoni, kuna binti anataka kurudi kundini kabla ya Pasaka. Nikauliza, atasimama mbele?

Akanyamaza. Nikasikia mvua kwenye bati lao.

"Tutaona mdogo wangu," akasema. Halafu akauliza kama mtoto ameshapata gauni la Pasaka.