Kichaka tulichokiacha Kinyerezi

Kiwanja chetu kiko Kinyerezi, Dar es Salaam, kwenye mteremko unaoshuka hadi kijito. Tulikinunua kikiwa kichaka kitupu. Mume wangu akamtafuta mzee mmoja wa Kisarawe, Mzaramo, aje afyeke chote kwa siku tatu, kisha tupande miashoki kandokando ya ukuta na mwarobaini mmoja wa kivuli, kama walivyofanya majirani.

Siku ya pili nilimpelekea chai mnamo saa nne nikamkuta amekaa chini, panga kaliweka kando.

“Shikamoo mzee. Umechoka?”

“Marahaba, mwanangu. Sijachoka. Huu mti mnataka niukate?”

“Si ndivyo tulivyokubaliana?”

“Huu ni msandarusi. Mimi siukati. Mkitaka ukatwe, mtafuteni mwingine.”

Akanionyesha majani yake, yanavyotoka mawili mawili kwenye kikonyo kimoja kama kwato ya mbuzi. Kisha akabandua tone la utomvu lililokauka kwenye gome, la rangi ya asali, akalitia kiberiti. Moshi ulinuka kama ubani. Akaniambia utomvu huo uliokauka ndio sandarusi, na babu yake alikuwa akiichimba ardhini, akienda kuiuza kwa Wahindi wa pwani.

Sandarusi nilikuwa nimeisoma shuleni, mstari mmoja katika orodha ya bidhaa za biashara ya zamani: pembe za ndovu, karafuu, sandarusi. Kwa nini hakuna aliyenionyesha mti wenyewe? Katika karne ya 19 sandarusi ya mwambao huu ilipitia Zanzibar na kufika hadi Salem kule Marekani, ikatengenezwa vanishi ya samani na magari ya farasi. Iliyothaminiwa zaidi ni ile iliyochimbwa ardhini, mahali misandarusi ya kale ilipoangukia na kuoza, utomvu wake ukabaki. Na mimi, mzaliwa wa Ilala, nilikuwa nimemlipa mtu aung'oe wa kwangu.

Nikamwomba mzee aache kufyeka, hela yake nitampa yote, ila anizungushe kiwanjani aniambie kila kilichomo. Nikachukua daftari. Kulikuwa na mtonga, mkwaju mchanga, mtopetope-mwitu na mchongoma uliofungamana kiasi cha mtu kushindwa kupita. Kilichonishangaza zaidi ni mbungo. Juisi ya mabungo nimeinywa tangu utotoni, lakini sikujua kwamba mbungo ni mmea unaotambaa juu ya miti mingine na kutoa utomvu mweupe ukikatwa. Nilikuwa nikidhani ni mti wa kusimama kama mwembe.

Usiku ule nikajiuliza ni miti gani nilikuwa nikiifahamu kwa jina kabla ya siku hiyo, ukiacha ya matunda. Mkrismasi, asili yake Madagaska. Mwarobaini na mwashoki, vyote vya Bara Hindi. Mjohoro, wa kusini-mashariki mwa Asia. Siichukii, mwarobaini umenitibu mimi na wanangu. Lakini mji wa watu zaidi ya milioni 5 umekalia ardhi iliyokuwa na miti yake yenyewe, na sisi tunaiita miti hiyo “pori”. Kitu ulichokiita pori utakifyeka tu.

Mume wangu nilimshawishi kwa hoja ya fedha: nyumba isogezwe upande wa barabarani, kichaka kibaki huku chini kizuie mmomonyoko, tusijenge ukuta wa mawe wa kushikilia udongo. Alikubali kwa majaribio ya mwaka mmoja.

Kazi ngumu haikuwa kupanda. Ilikuwa kuacha kufagia. Hapa kwetu uwanja unafagiliwa alfajiri, majani yanakusanywa na kuchomwa, na mwanamke ambaye uwanja wake una majani anasemwa. Mimi nilisemwa. Jirani mmoja alikwenda hadi kwa mjumbe kulalamika kwamba ninafuga nyoka. Sikumlaumu, ana wajukuu wadogo. Nilimwita yeye na mjumbe, tukapima pamoja hatua nne kutoka ukuta wake na hatua nne kuzunguka nyumba yangu. Eneo hilo nikaahidi kulifagia kila siku liwe jeupe, bila tofali wala rundo la kuni. Ng'ambo ya hapo majani yalale yalipoangukia. Ahadi hiyo nimeitunza mpaka leo, na kama unataka kuhifadhi chochote mjini, anzia hapo, kwenye mpaka unaoonekana na jirani aliyeshirikishwa kuuweka.

Majani yaliyolala yalibadilisha udongo. Hadi mvua za mwaka wa pili ulikuwa mweusi na laini, ukiuchimba unakutana na jongoo na minyoo. Shore walijenga ndani ya mchongoma. Jijini kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890, hula mayai na makinda ya ndege wengine, nami nimewaona mara nyingi wakitua juu ya ule mchongoma, wakiinamisha vichwa, wakizunguka, kisha wakaondoka. Miiba iliwashinda.

Halafu ikawa siku ya kinyonga. Ilikuwa mwezi wa tano, saa tisa alasiri. Binti yangu alikuja mbio, “Mama, kuna kinyonga anachimba kaburi!” Tukaenda tukachuchumaa mbali kidogo. Alikuwa wa kijani, tumbo limejaa, anachimba kwa miguu ya mbele, kichwa kimezama shimoni hadi mabegani, udongo anausukuma nyuma taratibu. Alichimba hadi jua likakaribia kuzama. Kisha akageuka, akaingiza nyuma yake shimoni, akatulia. Alipotoka alifukia na kukanyagakanyaga mpaka hukuweza kujua kama pamewahi kuchimbwa. Alikuwa amekonda, rangi imefifia. Akapanda kijiti akaondoka.

Watu wengi wa kwetu wakimwona kinyonga wanampiga mawe, wanamwita mkosi. Nilichomeka vijiti vinne kuzunguka pale mahali, nikawakataza watoto kupakanyaga, nikangoja. Ulipita mwezi, ikapita miezi sita, nikakata tamaa. Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, siku mbili baada ya mvua kubwa, binti yangu alihesabu vinyonga 14 kwenye nyasi, kila kimoja kirefu kama kiungo cha kidole, vina macho yanayozunguka sawasawa na ya mama yao. Yule jirani wa nyoka alikuja kuangalia na wajukuu wake. Alisimama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akaniuliza wanakula nini.

Sasa niseme kuhusu miche, maana ndiyo naulizwa sana. Tunda la msandarusi ni gumu, lina vipele, limeganda utomvu. Mara ya kwanza nilizitoa mbegu 40 nikazifukia hivyo hivyo, nikamwagilia kwa wiki nyingi. Ziliota 3. Nilipomweleza mzee, alichukua mbegu moja akaisugua upande mmoja kwenye sakafu ya saruji mpaka ndani pakaonekana. “Iko ndani ya nyumba, haijasikia mvua,” aliniambia. Tangu hapo nazisugua upande mmoja, mbali na kile kijicho cha mbegu, nazilaza kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, asubuhi naziweka kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, vyenye udongo wa kichakani uliochanganywa na mchanga. Nyingi huota. Usizilaze kwenye maji siku tatu kama nilivyofanya mara moja, zilioza zote. Na mche usiutoe kivulini ghafla, jua la Dar litauunguza.

Msitu wa Pugu uko karibu nasi, na humo bado wapo komba wa Rondo, wadogo kiasi cha kukaa kiganjani, miongoni mwa wanyama wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Wamebaki kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani, na misitu hiyo imekatwa miaka mingi kwa ajili ya mkaa tunaopikia sisi wa mjini. Kichaka changu hakiwezi kumlea komba wa Rondo, ni kidogo mno. Hilo huniuma kila ninapopishana na pikipiki iliyopakia magunia ya mkaa. Ninachoweza ni miche, na gesi jikoni.

Mzee sasa haoni vizuri. Mwezi uliopita nilimletea viriba viwili hadi kwake Kisarawe. Alivipapasa majani, akahesabu kwa vidole, mawili, mawili, akamwita mjukuu wake alete jembe.

Vimebaki 31, nimevipanga chini ya mkwaju. Mwalimu wa shule ya msingi ya hapa mtaani ameniahidi nafasi nyuma ya madarasa, watoto wameshachimba mashimo. Tunangoja masika.