Siku moja maishani mwangu: lori limeitwa na kiwanda

Saa kumi na moja alfajiri. Yadi ya malori, Columbus, Ohio. Baridi ya kung'ata vidole. Naanza ukaguzi wa kabla ya safari kama kawaida: oili, mikanda, tairi, mipira ya upepo wa breki. Jirani yangu, Mkongo wa Lubumbashi, anasimama nyuma aniangalizie taa za breki.

"Kanyaga polepole, ndugu."

Nakanyaga, zinawaka. Naachia, nakanyaga tena kidogo tu, zinawaka.

"Sasa lori ni nzima, unaenda kufanya nini kule?"

Swali la haki. Ninachokipeleka kwa wakala wa kiwanda ni swichi ya taa za breki, ambayo kiwanda kimesema inaweza kukataa kuwasha taa ukigusa breki kidogo, kikatoa wito (recall), yaani malori yenye kosa hilo yarudishwe yatengenezwe. Inaweza, siyo lazima. Ukaguzi wa macho unakuonyesha kilichokwisha haribika. Kosa la kiwandani linaweza kukaa kimya miaka, likaamka siku una tani za mzigo mgongoni na gari dogo limekuganda nyuma.

Saa moja asubuhi. Nipo mlangoni kwa wakala, kichwa bila trela. Dada wa mapokezi anaingiza namba ya chasisi, tarakimu na herufi 17, na wito unatokea ukiwa bado wazi. Barua ya wito ilitumwa kwa mwenye lori wa wakati ule. Mimi nimelinunua baadaye, na hapa Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomzuia muuzaji kukuuzia gari lililotumika likiwa na wito ambao haujafanyiwa kazi. Kwa hiyo ni juu yako mnunuzi. Tena ukiwa na lori usiridhike na tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa magari, peke yake. Sheria ya kuweka namba za chasisi mtandaoni inawabana watengenezaji wakubwa wa magari madogo na pikipiki. Wa malori hawabanwi. Mpigie wakala, msomee namba.

Saa nne. Chumba cha madereva, kahawa ya bure isiyo na ladha. Mzee mmoja anakumbushia 2016, Volvo walipoita malori karibu 16,000 kwa sababu ya shafti ya usukani: bolti huenda haikukazwa sawasawa, na shafti ingeweza kuachana bila dalili yoyote. Yale hayakusubiri miadi. Madereva waliambiwa wasiyaendeshe kabisa, na wakaguzi wa barabarani wakaagizwa kuyasimamisha yasiyotengenezwa. Fikiria uko kwenye kona, usukani unazunguka bure. Chumba kizima kimya.

Saa sita. Spea ilikuwa bado haijashushwa kwenye gari la mizigo. Nangoja.

Saa nane na nusu. Fundi ananiita, ananiwekea swichi ya zamani kiganjani. Kidude kidogo kuliko kidole gumba, shingo ya shaba yenye uzi wa kufungia, soketi ya plastiki nyeusi. Anapima mpya kwa shinikizo dogo la upepo mbele yangu, taa zinawaka.

Saa tisa na nusu. Karatasi: kazi ya wito, dola 0. Ndivyo sheria inavyotaka kwa gari ambalo, wito ulipotangazwa, halikuwa limezidi miaka 15 tangu liliponunuliwa mara ya kwanza. Na ukiwa ulishalipia ubovu huohuo kabla ya wito kutangazwa, usitupe risiti; kiwanda kina utaratibu wa kurudisha pesa. Oili niliyoomba wabadilishe humohumo nimeilipia mwenyewe.

Bure, lakini siku imekwenda. Saa zangu 14 za kazi, kikomo cha sheria kwa dereva wa lori, zilianza kuhesabiwa alfajiri nilipoanza ukaguzi, na kukaa kwenye kochi hakuzisimamishi. Ikifika saa moja jioni siruhusiwi kuendesha, na Chicago, nilikokuwa nipeleke mzigo leo, ni mwendo wa saa sita. Dispacha, anayenipangia mizigo, kashampa mwingine mzigo ule. Hasara hiyo hakuna anayeirudisha, na ndiyo, nadhani, inayowafanya wengi wetu waziweke hizi barua kwenye droo.

Saa kumi na mbili jioni. Ujumbe wa dispacha: kuna mzigo wa kesho asubuhi, Indianapolis, malipo pungufu. Nimeuchukua.